Aliyeonja Vyungu vya Mtaa Wetu

Bi Keziah Bidgood ndiye aliyelileta neno hilo kisimani. Alisema Gideon Wrayford, yule aliyerudi kutoka Bengal, kule India, na kununua jumba la kilimani, hali chakula mpaka afungiwe madirisha. Mchana kweupe mapazia yanashushwa, mpishi anaweka sahani mezani na kutoka, mlango unafungwa kwa ndani. Akimaliza ndipo anagonga meza waje kuondoa vyombo.

"Na mnajua kwa nini?" akauliza Bi Keziah. Ndoo yake ilikwisha kujaa lakini hakuwa na haraka. "Kwa sababu huko alikokuwa alikula watu."

Tulicheka. Mmoja wetu akasema kama alikula watu basi walikuwa wembamba sana, maana mwenyewe amerudi kama ufito. Bi Keziah hakucheka. Alisema chekeni tu, ila yeye alimjua Gideon akiwa mtoto, na mtoto yule alikuwa anakula popote, hata juu ya kaburi, na watu wakimwangalia.

Mimi nilikuwa nafua nguo katika jumba lile, kwa hiyo habari ya madirisha nilijua ni ya kweli. Hiyo ya watu ndiyo sikuijua.

Gideon Wrayford alizaliwa mtaa wetu huu huu wa wafumaji, hapa Combe Stoyle, katika nyumba yenye mlango mfupi ambayo sasa anakaa fundi viatu. Baba yake alikuwa mfumaji kama mume wangu Jabez. Na kwetu mwanamume hapigi kura kwa sababu ana shamba au ana jina. Anapiga kura kwa sababu ana chungu. Mwenye meko yake mwenyewe, na chungu kinachochemka juu yake bila msaada wa mtu, huyo ana sauti ya kupeleka mbunge London. Akipokea mkate wa msaada wa parokia hata mara moja katika mwaka, sauti yake imekwisha. Na sauti ikiisha, nyumba nayo inakwisha, maana wenye nyumba wanapangisha wapiga kura tu. Asiye na kura wampangishie ili wapate nini?

Ndivyo ilivyowakuta kina Wrayford. Baba aliugua kifua, kitambaa kikabaki nusu kwenye mtambo wa kufumia, na mama yake, Dorcas, akaenda mlangoni pa kanisa kuchukua mkate. Wakamshonea kile kibandiko chekundu cha maskini kwenye mkono wa gauni. Haukupita muda, vyombo vyao vikatolewa nje, wakahamia nyumba ya maskini. Baba akafia humo. Bi Keziah anasema Gideon alikuwa akiupokea mkate wake na kuula pale pale, ameketi juu ya kaburi la mtu yeyote, ili wakubwa wasije wakamnyang'anya.

Alikuwa na mwandiko mzuri. Kasisi aliuona, akamwandikia jamaa yake aliyekuwa na kauli katika Kampuni ile ya biashara ya Mashariki, na kijana akapata ukarani. Aliondoka na koti la kuazima. Mama yake alimsindikiza mpaka darajani akiwa na kibandiko chake, na watu wanasema Gideon alimwomba akifunike kwa shali. Hawakuonana tena. Dorcas alifariki katika nyumba ya maskini, na mwanawe aliporudi na mali yake, jambo la kwanza alilofanya ni kumwekea jiwe la marumaru kanisani. Jiwe lile ni kubwa kuliko kitanda alichofia.

Ya Bengal nilikuja kuyajua kwa kinywa chake mwenyewe.

Ilikuwa kiangazi, mtoto wangu Nell ana miezi michache tu. Nilikuwa namfulia Bwana Wrayford mashuka yake, mtoto nimemlaza kwenye kikapu cha nguo, na alipolia nikaketi kwenye ngazi ya nyuma ya jiko nimnyonyeshe. Bwana akatokea. Nilitaka kuinuka akanizuia kwa mkono, kisha akaketi kwenye ngazi ya chini, akanipa mgongo. Nadhani ni kwa sababu alikuwa haoni uso wangu ndiyo akaweza kusema.

Alinieleza kwamba alipandishwa cheo akawa mkuu wa kituo cha Kampuni kando ya mto. Kazi yake ilikuwa kununua mpunga wa vijiji, kuujaza ghalani na kuuteremsha mtoni kwa ajili ya askari wa Kampuni. Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Mpunga ulipoadimika alinunua zaidi, maana alijua bei itapanda. Kila mkuu wa kituo alifanya hivyo, alisema. Baadaye watu wakaanza kuja kutoka vijijini, wakaketi nje ya ua wake. Walioweza kuketi.

"Hawakuwa wakipiga kelele, Honor," alisema, akiniita kwa jina langu. "Kelele ningezizoea. Walikuwa wanautazama mkono wangu. Unakwenda kwenye sahani, wanautazama. Unarudi mdomoni, wanautazama."

Nilimuuliza kama aliwapa chochote. Alijibu kwamba mpunga haukuwa wake. Nell alikuwa amekwisha kushiba na kulala ndipo akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Mwingine ulikuwa wangu." Akainuka, akafuta vumbi la suruali, akaingia ndani.

Nilimhurumia siku ile. Nilirudi nyumbani nikamwambia Jabez kwamba watu wanamsema vibaya bure, yule ni mtu mwenye donda. Jabez akaniambia donda la tajiri lina daktari wake.

Kisha ikaja ile baridi iliyogandisha mto. Ngano ilikuwa haba, na hiyo iliyokuwepo ilikuwa ikipita mlangoni kwetu kwa mikokoteni, imefunikwa vizuri, kwenda bandarini kupakiwa meli, kwa kuwa ng'ambo bei ilikuwa nzuri zaidi. Tulikuwa tunaisikia ikipita. Nyuzi za sufu hazikuja kutoka kwa tajiri wa vitambaa, mtambo wa Jabez ukanyamaza, na katika mtaa mzima ukawa mtambo huu umenyamaza, na ule nao.

Katikati ya baridi hiyo mbunge wetu wa zamani akafa, na Bwana Wrayford akatangaza kwamba anagombea kiti. Watu walishangaa anataka nini zaidi. Alitaka kinga. London walikuwa wameanza kuuliza habari za mpunga wa Bengal, na mtu mwenye kiti Bungeni huulizwa kwa adabu. Alikuwa amejitayarisha mapema: alikwisha kununua nyumba zote za mtaa wetu, na kila aliyekaa humo alijua kura yake iko upande gani. Aliyeshindana naye alikuwa mpwa wa yule mwenye mashamba makubwa ya upande wetu, naye akamwajiri wakili mmoja, Pinnock, mtu wa pua nyekundu, azunguke kutafuta wapiga kura wasiostahili.

Maziwa yangu yalikauka. Najua kuna wanawake ambao hayakauki hata wakila majani, mimi si mmoja wao. Nell alikuwa amefikia umri wa kusimama kwa kushika kiti, akaacha kusimama. Parokia ilikuwa inatoa mkate na kikombe cha shayiri mlangoni pa kanisa, pale pale alipopokea Dorcas.

"Niende?" nilimuuliza Jabez.

"Nenda," alisema. "Halafu tumlaze wapi?"

Hakusema kwa ukali. Theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Tulikaa tukimtazama mtoto, kila mmoja akingoja mwenzake aseme neno jingine, na sikwenda.

Sasa kuna desturi yetu ya siku ya vyungu. Kabla ya kura, kila mke wa mpiga kura anaweka chungu motoni na kufungua mlango, na mgombea anapita nyumba kwa nyumba akionja kijiko kimoja kila chungu, watu wote wakishuhudia. Miaka ya neema ni siku ya kicheko. Wanawake wanatia pilipili nyingi makusudi, mgombea anatoka na machozi. Mwaka ule hapakuwa na wa kutia pilipili. Lakini chungu kilipaswa kuchemka, kwa hiyo nilichemsha maji, nikatia majani ya nje ya kabichi niliyopewa na Bi Keziah, na chumvi.

Walipofika kwetu, kundi la watu lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Bwana Wrayford alikuwa mweupe kama chokaa. Nilijua kwa nini, na pengine ni mimi peke yangu niliyejua: nyumba baada ya nyumba alikuwa akiinua kijiko, na macho ya mtaa mzima wenye njaa yanaufuata mkono wake.

"Meza, Bwana," mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Au tukuletee pazia?"

Watu wakacheka. Akachota, akaonja. Nilimwangalia usoni. Aliyewahi kunywa mchuzi wa namna ile anaujua, na yeye alikuwa ameunywa utoto wake wote. Macho yake yalikwenda kwa Nell, aliyekuwa begani kwa Jabez, yakarudi kwenye chungu.

Wakili Pinnock alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Nami nionje kidogo," alisema, "kama mama hatajali."

Hapo Bwana Wrayford alichukua bakuli lililokuwa mezani, akalizamisha chunguni akalijaza, akanywa. Akachota tena, akanywa. Moto moto vile vile, mbele za watu wote, mpaka yakabaki majani mawili matatu chini. Akafuta mdomo kwa leso.

"Samahani, Pinnock," alisema. "Mama huyu anajua kupika. Sikuweza kujizuia."

Watu wakapiga makofi. Niliona ametuokolea nyumba, yeye ambaye hawezi kula akitazamwa, na usiku wa siku ile nilimwombea Mungu kwa jina lake.

Asubuhi nilimfunga Nell kwenye shali nikapanda kilima mpaka mlango wa jikoni. Nilifikiri mtu aliyeonja hahitaji kuelezwa. Alishuka mwenyewe.

"Bwana, ulionja," nilisema.

"Nilionja."

"Basi unajua."

"Najua kuliko mtu yeyote katika mji huu." Alisema polepole, kwa upole, kama anayenifundisha. Pinnock ameweka watu njiani, alisema. Nikionekana natoka kwake na unga, hata kibaba kimoja, itaitwa sadaka au itaitwa hongo, na lolote kati ya hayo litamfuta Jabez. Kura ilikuwa wiki iliyofuata. "Vumilia kura ipite, Honor. Ikipita nitakujazia nyumba."

Nyuma yake mpishi alikuwa akigeuza bata kwenye moto. Harufu ilitufikia sote.

"Basi anywe hapa hapa," nilisema. "Maziwa, kikombe kimoja. Sitatoka nacho. Nani atajua?"

Alimtazama Nell. Nell hakulia, alikuwa amekwisha kuacha kulia siku zile. Alikuwa anautazama mkono wa Bwana, ule uliokuwa umeshika mlango. Bwana Wrayford akauondoa mkono, akauficha nyuma ya mgongo.

"Mpishi atajua," alisema. "Kura ikipita."

Na mlango ukafungwa, taratibu, asije akamshtua mtoto.

Nell hakufikia kura. Alikwenda alfajiri, mikononi mwangu, bila vurugu yoyote, nilidhani amesinzia. Bi Keziah ndiye aliyemwosha, na alipokuwa akimvua lile shati dogo alisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Jabez alitengeneza sanduku kwa mbao za mtambo wake, maana kazi nyingine mtambo ule haukuwa nayo.

Siku ya kura Jabez alikwenda kuipiga. Msimshangae mume wangu. Kwetu kura inasemwa kwa sauti mbele ya watu, na alipoulizwa anamtaka nani akasema "Wrayford," mwenye jina amesimama hatua chache kutoka kwake na utepe wa buluu kifuani. Jabez aliporudi hakunitazama. Mtoto mmoja tulikuwa tumemzika, na kaburini hatukuweza kuhamia sote.

Mbunge mpya alitimiza ahadi. Gunia la unga lilifika mlangoni kwetu jioni ile ile, unga mweupe uliochekechwa, pamoja na pande la nyama ya nguruwe. Ningependa kuwaambia kwamba tuliutupa. Tuliula. Ulikuwa unga mzuri sana, na siku chache baadaye maziwa yakaanza kunirudia, yakalowesha nguo zangu nikiwa nimesimama tu, bila mtu wa kunyonya.

Mwezi wa Aprili gazeti la London lilifika mjini. Wanawake hunipa mimi nisome, kwa kuwa nilikaa miaka kadhaa katika darasa la yule mama mjane aliyekuwa akifundisha herufi. Nikawasomea pale kisimani. Bunge lilikuwa limejadili kama ngano izuiwe kutoka nchini kwa sababu ya njaa ya huku kwetu magharibi. Mbunge wa Combe Stoyle alisimama. Alisema habari za njaa zimetiwa chumvi. Alisema yeye si mtu wa kusimuliwa, kwani katika baridi kali kabisa ameonja kwa ulimi wake mwenyewe kila chungu cha wapiga kura wake, na katika vyungu vyote hivyo hakukuta njaa. Wabunge walimshangilia. Meli zikaendelea kupakiwa.

Bi Keziah alisema, "Rudia hapo pa ulimi."

Nikarudia.

"Basi sisi ndio wajinga, kina mama," alisema. "Kumbe tulikuwa tumeshiba, hatukuambiwa tu."

Mmoja alijaribu kucheka, ikawa kikohozi.

Ilikuwa Mei alipokuja nyumbani kwetu. Alikuja peke yake, kwa miguu, akainama kupita mlangoni kama alivyokuwa akiinama baba yake. Jabez alikuwa nyuma akipanga nyuzi, maana kazi ilikuwa imerudi na mtambo alikwisha kuutia mbao nyingine. Nilimpa kiti. Alikuwa amekonda zaidi, nguo zake nzuri zinamning'inia. Alianza kwa kunipa pole, akasema hajapata nafasi ya kunipa pole. Kisha akanieleza kilichomleta.

Aliyeshindwa alikuwa amepeleka malalamiko. Kamati ya Bunge ingekaa London kuamua kama kura za mtaa wetu zilikuwa halali, na Pinnock alikuwa amepata hoja yake. Hoja yenyewe ilikuwa Nell. Mwanamume ambaye mtoto wake amekufa kwa njaa ndani ya nyumba yake, Pinnock atasema, huyo chungu chake kilikuwa cha maji, na kama cha huyu kilikuwa cha maji, na vya wengine pia. Kura zitafutwa. Kiti kitakwenda. Akikosa kiti, wale wanaochunguza mambo ya Bengal watamkamata hata kabla hajashuka ngazi za Bunge, na mali yake yote itauzwa, pamoja na mtaa huu. Mnunuzi, kila mtu anajua, atakuwa yule mwenye mashamba, na yeye hatasahau nani alimpigia kura nani.

"Sikutishi," alisema. "Nakueleza ilivyo."

Nilijua hanitishi. Mtu huyu hakuwahi kunidanganya hata siku moja. Hata kule mlangoni hakunidanganya.

Wangeniita mimi, alisema, kwa sababu mpishi wa chungu ni mwanamke. Nitashika Biblia mbele ya kamati. Nauli atalipa, na malazi, na gauni jeusi la heshima. Neno lenyewe ni fupi: kwamba mtoto alichukuliwa na homa. Homa zilikuwepo mjini, kasisi atashuhudia. Kwamba kabla ya homa alikuwa anakula vizuri.

Kule nyuma Jabez alikuwa ameacha kupanga nyuzi. Nilisikia ameacha.

Bwana Wrayford alivua kofia yake akaiweka magotini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni moja kwa moja, na macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Pinnock ni mjanja," alisema. "Atatuhoji mmoja mmoja, mimi na wewe na Jabez, kila mtu peke yake. Kwa hiyo nakuomba, Honor, uniambie sasa. Nell alikuwa anapenda kula nini?"